Kutoka maloda hadi trekta: jinsi mashine zilivyobadili kilimo, na kwa nini Juba bado inanunua unga

Ukiingia soko la Konyo Konyo mjini Juba asubuhi, utakuta magunia ya unga wa mahindi yamepangwa kama ukuta. Sehemu kubwa ya unga huo umesagwa Uganda, ukavuka mpaka Elegu na kuingia Nimule, kisha ukapanda kilomita 192 za lami hadi mjini. Mto Nile uko karibu na soko hilo. Ng'ambo ya mto kuna ardhi yenye mvua ya kutosha mtama, mahindi, karanga, ufuta na mihogo. Inakadiriwa kwamba katika Sudan Kusini nzima ardhi iliyolimwa haifiki asilimia 5 ya ile inayofaa kulimwa.

Wafanyabiashara wetu wanaopeleka mzigo Juba wanalijua jambo hili kwa faida na hasara zao, lakini wachache huuliza lilianzaje. Jibu la haraka ni vita, nalo ni la kweli. Hata hivyo si jibu lote. Ukanda huu umewahi kuletewa mashine, tena mara nyingi na kwa fedha nyingi. Palikuwa na kiwanda cha nguo katikati ya msitu, mashamba ya trekta makubwa kuliko upeo wa macho, na hata mashine ya kuchimba mfereji iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Makala haya yanaeleza mashine hizo zilifanya nini, na kwa nini jamii ya wakulima haikugeuka kuwa ya viwanda.

Mashine hufanya nini shambani

Tuanze mbali kidogo, Uingereza, kwa sababu ndiko mfano unaotajwa kila mara. Jethro Tull alitengeneza mashine ya kupandia mbegu mwaka 1701. Andrew Meikle, fundi wa Scotland, alitengeneza mashine ya kupura nafaka mwaka 1786. Katikati ya miaka hiyo zikaja mashine za kusokota nyuzi, na mwaka 1769 James Watt akapata hataza ya injini yake ya mvuke. Kufikia hesabu ya watu ya mwaka 1851, zaidi ya nusu ya watu wa nchi ile walikuwa wanaishi mijini.

Ukisoma haraka utadhani mashine ziliingia shambani na viwanda vikaota vyenyewe. Haikuwa hivyo. Mashine ya kupura iliwanyima vibarua kazi ya majira ya baridi, na mwaka 1830 vibarua wa Kent na wilaya nyingine walizivunja mashine hizo usiku na kuchoma mazao ghalani. Wengi walifungwa, wengine wakahamishiwa Australia. Kilichowapokea waliokosa kazi mashambani, kwa muda mrefu na kwa taabu nyingi, ni viwanda vya pamba vya Lancashire, migodi ya makaa ya mawe na reli. Shamba lilitoa chakula cha ziada na mikono ya ziada, na mjini palikuwa na wa kununua chakula hicho na wa kuiajiri mikono hiyo. Upande mmoja ukikosekana, trekta hubaki trekta tu.

Basi kila mradi tutakaoutaja hapa chini uutazame kwa jicho hilo: mazao yalikwenda wapi, na watu walikwenda wapi.

Wabari na chuma chao

Juba yenyewe ni mji mchanga, ulianza kukua miaka ya 1920, lakini nchi inayouzunguka ni ya Wabari tangu zamani. Jirani zao wanaosema lugha hiyohiyo kwa lafudhi mbalimbali ni Wakuku wa Kajo-Keji, Wakakwa wa Yei, Wapojulu wa Lainya, Wanyangwara, na Wamundari wa Terekeka ambao sifa yao kubwa ni ng'ombe. Wote hulima, na wengi hufuga.

Chombo cha kazi katika sehemu nyingi za Nile ya juu kilikuwa maloda: bapa la chuma lililofungwa kwenye mpini, mkulima akilisukuma mbele yake, mara nyingi akiwa amepiga magoti, likikata magugu chini kidogo ya udongo. Chuma kilifuliwa hukuhuku. Wabari walikuwa na koo za wahunzi ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu, na wenzao waliwadharau na kuwahitaji kwa wakati mmoja. Samuel Baker, aliyepita Gondokoro mwaka 1863, alieleza jinsi majembe ya chuma yalivyotumika kama fedha katika nchi za mashariki ya mto. Kwa hiyo ufundi wa chuma ulikuwepo, na chombo cha shambani kilikuwa na thamani ya kubadilishana. Biashara iliyotawala Gondokoro wakati huo lakini ilikuwa ya pembe za ndovu na watumwa, ikiendeshwa na wafanyabiashara wa Khartoum, na biashara ya namna hiyo haijengi karakana popote.

Mashine iliyobadili maisha ya nyumba nyingi kuliko trekta lolote, kwa maoni yangu, ni ya kusaga. Juba huiita tahuna. Kabla yake mwanamke alisaga mtama juu ya jiwe, murhaka kwa Kiarabu cha huko, saa nzima au zaidi kwa mlo wa familia moja. Injini moja ya dizeli chini ya paa la mabati inamrudishia saa hizo kila siku, na malipo yake ni sarafu chache au sehemu ya unga. Hakuna aliyeitungia tahuna mpango wa miaka mitano. Ilienea kwa sababu mwenye mashine alipata faida na mwenye mtama alipata muda.

Nzara: kiwanda msituni

Jaribio kubwa la kuigeuza jamii ya wakulima kuwa ya viwanda katika Ikwatoria lilifanyika magharibi, kwa Wazande, baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwenye wazo alikuwa J. D. Tothill, mtaalamu wa kilimo katika serikali ya Sudan, aliyeandika mpango wake mwaka 1943. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara kabisa, na wasomaji wa ukurasa huu wataielewa mara moja. Nchi ya Wazande iko mbali mno na bahari. Pamba ikitoka Yambio hadi Bandari ya Sudan, kwa lori, kwa mto na kwa reli, husafiri zaidi ya kilomita 2,500. Usafiri unakula bei yote. Basi, akasema Tothill, tusisafirishe pamba ghafi. Tuigeuze nguo hukohuko, watu wavae, na ziada iuzwe jirani. Vivyo hivyo mafuta ya kula na sabuni.

Mwaka 1946 ikaundwa bodi ya miradi ya Ikwatoria. Huko Nzara, takriban kilomita 25 kutoka Yambio, pakajengwa kiwanda cha kuchambua pamba, cha kusokota na cha kufuma. Kiwanda kilitoa kitambaa kizito cha pamba, namna ya marekani tunayoijua pwani, ambacho Wasudan hukiita damuri. Kwa mtu aliyezoea kuona pamba ya Afrika ikipakiwa marobota kwenda Liverpool na kurudi ikiwa shuka, hili lilikuwa jambo la pekee.

Taabu ilianzia kwenye makazi. Wazande waliishi wametawanyika, kila boma na mashamba yake, wakihama ardhi ilipochoka. Mkuu wa wilaya, Meja Wyld, aliongoza kazi ya kuwahamisha maelfu kwa maelfu ya familia na kuwapanga katika mistari ya viwanja, kila familia na kipande chake, ili pamba ikaguliwe na kukusanywa kwa urahisi. Wakubwa walisema kilimo cha pamba ni hiari. Kwa mkulima hakikuwa hiari. Asiyelima alijua kwamba angeweza kupelekwa kufanya kazi ya barabara. Mtaalamu wa Kimarekani Conrad Reining, aliyeishi huko miaka ya 1950 na baadaye kuandika kitabu juu ya mradi huo, alionyesha jinsi watu walivyouona mradi kuwa kazi ya serikali, nao wakiwa mikono tu. Mapato kwa siku ya kazi yalikuwa madogo. Ukitazama ramani za viwanja vile vilivyonyooka kama rula, utaona kwamba aliyezichora alimfikiria mkaguzi wa pamba kabla ya mkulima.

Hata hivyo kiwanda kilifanya kazi. Watu walijifunza kuendesha mashine, kulipwa mshahara, kuanza kazi kwa king'ora. Nzara ikawa mji. Kulikuwa na wafanyakazi wa kiwanda mahali ambapo miaka 10 nyuma hapakuwa na mshahara hata mmoja nje ya serikali na misheni.

Halafu ukaja mwaka 1955. Sudan ilikuwa inaelekea uhuru na nafasi za wakubwa wa Kiingereza zilikuwa zinachukuliwa na watu wa kaskazini. Mwezi Julai uongozi wa kiwanda uliwafukuza takriban wafanyakazi 300 wa kusini kwa sababu ya gharama. Tarehe 26 Julai wafanyakazi na wananchi waliandamana Nzara, askari wakafyatua risasi, watu kadhaa wakafa. Siku 23 baadaye, tarehe 18 Agosti, kikosi cha jeshi huko Torit kiliasi. Wanahistoria wengi huhesabu vita vya kwanza vya Sudan kuanzia siku hiyo. Sababu za uasi zilikuwa nyingi, na kubwa zaidi zilikuwa za siasa, lakini ni vyema kukumbuka kwamba moja ya cheche zake ilitoka kwenye orodha ya watu walioachishwa kazi kiwandani. Katika nchi iliyokuwa na kiwanda kimoja, kufukuzwa hakukumaanisha kutafuta kazi kiwanda cha jirani.

Kiwanda kiliendelea kwa kusuasua baada ya hapo. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulileta amani ya miaka 11 na juhudi za kukifufua. Dunia ililisikia jina la Nzara tena mwaka 1976, si kwa nguo: ugonjwa wa Ebola, katika mlipuko wa kwanza uliotambuliwa kusini mwa Sudan, ulianzia miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda hicho, na ukaua watu 151. Ulirudi hukohuko mwaka 1979. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1983 pamba ilikuwa imekwisha kupoteza maana.

Trekta bila kinu

Kaskazini, Renk katika Upper Nile, hadithi ni tofauti. Huko trekta halikuletwa ili kubadili jamii yoyote. Lilifuata nafaka. Kilimo cha mtama kwa trekta kilianza Gedaref, mashariki ya Sudan, mwaka 1944 na 1945, ili kulisha majeshi ya vita. Mwaka 1968 serikali ya Khartoum iliunda shirika la kilimo cha mashine, likapata mkopo wa Benki ya Dunia, na mashamba ya aina hiyo yakaenea, Renk ikiwemo. Kipimo cha kawaida kilikuwa feddani 1,000, yaani kama hekta 420, kwa mtu mmoja na kwa kodi ndogo. Miaka ya 1970 fedha za mafuta za nchi za Ghuba zilipoanza kutafuta mahali pa kuwekwa, Sudan iliitwa kapu la chakula la Waarabu.

Hapa pana jambo ambalo takwimu za hekta hazilionyeshi. Trekta lilivuta haro la sahani, likalima na kupanda kwa mpigo mmoja. Palizi na kuvuna vilibaki kwa mikono ya vibarua. Kwa hiyo mwenye shamba alihitaji mamia ya watu kwa wiki chache za mwaka, kisha hakuwahitaji tena. Vibarua walikuja kwa malori na kuondoka kwa miguu. Mtama ulikwenda kaskazini kwa lori na kwa jahazi za mto hadi Kosti, faida ikaenda nao, na wenyeji, Wadinka wa Abialang na wengine, wakabaki na njia za mifugo zilizokatwa na mashamba. Udongo ukichoka mwenye shamba alisogea mbele kidogo, kwani ardhi ilikuwa rahisi kuliko mbolea. Uzalishaji uliongezeka, hilo halina ubishi. Lakini Renk haikupata kiwanda cha maana cha kusaga, cha pombe, cha chakula cha mifugo wala cha kutengeneza hata jino moja la haro.

Tanganyika nayo ilionja dawa hiyo. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea, ukilenga zaidi ya ekari milioni 3. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa visiki. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kama tofali, majembe yakavunjika, karanga zikagoma kutoka ardhini. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ni miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki.

Na Sudan Kusini ina kumbukumbu yake ya chuma. Mwaka 1978 ilianza kazi ya kuchimba mfereji wa Jonglei, wa kilomita 360, ili maji ya Nile Nyeupe yapite kando ya mabwawa ya Sudd. Mashine ya kuchimba, yenye gurudumu la ndoo, ilitengenezwa Lübeck, Ujerumani, ikafanya kazi kwanza Pakistan, kisha ikasafirishwa vipande vipande. Waliiita Sarah. Ilichimba kama kilomita 260. Mashambulizi ya waasi mwishoni mwa 1983 na mwanzoni mwa 1984 yaliisimamisha, na mpaka leo mabaki yake yanakula kutu jangwani mwa nyasi. Kiongozi wa waasi hao, John Garang, aliyewahi pia kusoma Dar es Salaam, alikuwa amepata shahada ya uzamivu katika uchumi wa kilimo huko Iowa mwaka 1981. Mada yake ilikuwa maendeleo vijijini katika eneo la mradi wa Jonglei.

Kwa nini Jinja ilifika

Sasa tulinganishe na jirani. Mbegu za pamba zilifika Uganda mwaka 1903, na reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwishoni mwa 1901. Huu ndio mwanzo wa tofauti yote. Mkulima wa Buganda au Busoga alilima kwa jembe la mkono, lakini mzigo wake ulifika baharini kwa gharama iliyovumilika. Teso, kuanzia kama mwaka 1910, walianza kutumia plau la maksai. Hakuna mashine ya kawaida kuliko hiyo: chuma kimoja, ng'ombe wawili, mtoto wa kuwaongoza. Fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza. Plau la maksai lilipanua mashamba ya Teso kuliko huduma ya kukodisha matrekta ya serikali ya Uganda ya miaka ya 1960, ambayo ilikuwa hasara tupu kwa sababu trekta moja lilizunguka vishamba vidogo vidogo likimaliza dizeli njiani.

Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi na makampuni ya Kiingereza. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walifanya ghasia, na moja ya madai yao ilikuwa wachambue na kuuza pamba yao wenyewe. Ghasia zilizimwa kwa nguvu. Lakini katika miaka iliyofuata sheria ilibadilishwa, na vyama vya ushirika vikaanza kumiliki viwanda vya kuchambua. Linganisha na Nzara ya 1955. Pande zote mbili walidai haki yao katika mashine, na pande zote mbili serikali ilitumia bunduki. Upande mmoja baadaye walipewa sehemu ya umiliki, upande mwingine vita vilianza.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja. Umeme ukapatikana, kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile kikajengwa, na viwanda vya sukari vya Lugazi, kilichoanza 1924, na Kakira, kilichoanza 1930, vilikuwa vimekwisha kuwapa watu mazoea ya mshahara. Mji ulikula chakula cha Busoga na kuwavaa watu wa Busoga. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 sehemu kubwa ya haya iliporomoka, na Jinja ilikaa miaka mingi na mabomba ya moshi yasiyotoa moshi. Sukari ilirudi vizuri kuliko nguo. Kwa hiyo hata Jinja si hadithi ya ushindi mtupu. Lakini barabara, umeme, mafundi na mazoea ya kusindika vilibaki, na ndivyo vinavyosaga mahindi ya Masindi na Kiryandongo kwa ajili ya soko la Juba leo.

Juba yenyewe iliahidiwa sukari. Mongalla, kaskazini kidogo ya mji, ilifanyiwa majaribio ya miwa kabla ya uhuru, na wanasiasa wa kusini hawakusahau kwamba kiwanda kilijengwa Guneid, kaskazini. Mpango wa Mongalla ulirudi miaka ya 1970. Haukutoa hata kilo moja ya sukari.

Baada ya amani ya 2005

Mkataba wa amani wa 2005 ulifungua barabara na kuleta dola za mafuta. Juba ilivimba. Waganda, Wakenya, Waethiopia na Waeritrea walifungua maduka, hoteli na bohari. Fedha zilikuwepo, chakula kilinunuliwa. Mwaka 2008 kampuni moja ya Texas ilipewa mkataba wa miaka 49 juu ya hekta 600,000 za ardhi ya Mukaya, katika wilaya ya Lainya. Wenyeji walipopata kuujua undani wake walipinga, na mwaka 2011 wakapeleka malalamiko yao hadi kwa Rais. Sheria ya Ardhi ya 2009 inatambua ardhi ya jamii, na katika nchi ya Wabari jambo hilo si la karatasi tu. Atakayekuja na matrekta bila kukaa na wazee wa eneo atakaa na matrekta yake.

Jaribio lililokaribia lengo lilikuwa la bia. Kiwanda kilifunguliwa Juba mwaka 2009, na baada ya muda kikaanza kununua mihogo ya wakulima wa Ikwatoria ili kupunguza malighafi za kuagiza. Hapo mkulima alikuwa na mnunuzi wa kudumu na kiwanda kilikuwa na mzigo wa karibu. Lakini chupa, kimea, vipuri na dizeli vilihitaji dola. Vita vya Desemba 2013, kushuka kwa bei ya mafuta na kuporomoka kwa pauni ya nchi vilizikausha dola hizo, na mwaka 2016 kiwanda kilisimamisha uzalishaji. Nchi inachimba mafuta, lakini mafuta ghafi hupita kwa bomba kwenda Bandari ya Sudan, na dizeli ya kuendeshea trekta Juba hufika kwa lori kutoka upande wa Uganda na Kenya. Nguvu za maporomoko ya Fula karibu na Nimule zimepimwa na kupangiwa mipango tangu zamani, bwawa halijajengwa.

Serikali nayo ilileta mamia ya matrekta mwaka 2015 na kuyagawa mikoani. Anayesafiri huko ameyaona. Mahali pengi trekta lenye tela hubeba maji, mchanga na abiria kuliko linavyolima, kwa sababu dereva anajua kwamba abiria analipa leo na mtama unalipa baada ya miezi minne, kama utalipa. Simlaumu.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuja Julai 2016, mapigano yaliporudi Juba na kusambaa Yei, Lainya na Kajo-Keji, yaani mashamba yenyewe yaliyokuwa yakiulisha mji. Wakulima wa lugha ya Bari walivuka mpaka kwa laki kadhaa. Kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe, Uganda, ilifunguliwa Agosti mwaka huo na ndani ya miezi michache ilikuwa na zaidi ya watu 270,000. Kila familia ilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Watu waliokuwa wakiuza mihogo na karanga kwa lori Juba walijikuta wanapanda mboga kwenye kipande kisichotosha kugeuzia trekta.

Yanayomhusu mfanyabiashara sasa

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na viwango vya jumuiya vimeanza kuuma. Mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Juba, malori ya unga na nafaka kutoka Uganda yakazuiliwa mpakani, madereva wakalala Elegu na Nimule siku kadhaa huku wenye mali wakibishana na maabara. Aliyeanika mahindi yake chini kandokando ya barabara alipoteza mzigo. Aliyekuwa na turubai, mashine ya kukaushia au hata kipimo cha unyevu alikuwa na cha kujitetea.

Hapa ndipo mashine inapoingia tena, na safari hii si trekta. Wanaouliza nini cha kupeleka Juba kibiashara mbali na unga wenyewe watazame mashine za kupura, za kukaushia, za kukamua mafuta ya ufuta na karanga, za kukwangua mihogo, na plau za maksai kwa wale wachache walio tayari kumfunga ng'ombe nira. Jambo hili la mwisho ni zito kwa Wamundari, ambao ng'ombe kwao ni mahari na heshima kabla ya kuwa nguvu kazi. Peleka pia vipuri na fundi. Mashine isiyo na beringi ya akiba ndani ya kilomita 200 ni mapambo. Wenye uzoefu huchagua injini ileile inayotumika kwenye tahuna, kwa sababu kila mtaa una mtu anayeweza kuifungua na kuifunga tena.

Na ukipanga gharama kumbuka safari ya kurudi. Malori yanayopeleka unga Juba hurudi mengi yakiwa matupu. Yanayopata mzigo hubeba mbao za mitiki, miti iliyopandwa Ikwatoria tangu enzi za Waingereza, au vyuma chakavu vya kwenda kuyeyushwa Uganda.